Utafiti wa shule za biashara una kazi gani kwa mtu wa kazi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimefundisha jioni darasa la watu wazima wenye kazi zao: wauza duka, makarani, wauguzi, mafundi, mawakala wa fedha za simu. Kabla ya hapo nilikuwa mdodosaji, yule mtu anayekuja na karatasi mkononi kukuuliza wiki iliyopita ulipata faida kiasi gani. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila muhula, na majibu yake ni yale ninayoyatoa darasani.

Hivi shule ya biashara inatafiti nini? Si inafundisha uhasibu na masoko tu?

Zamani ilikuwa karibu hivyo. Shule ya biashara ya Wharton ilianza Philadelphia, Marekani, mwaka 1881, Harvard ikafuata na shule yake mwaka 1908, na kwa miongo mingi kazi kubwa ilikuwa kuandaa mameneja. Mambo yaligeuka mwaka 1959, pale ripoti mbili zilizogharamiwa na wafadhili Ford Foundation na Carnegie Corporation ziliposema wazi kwamba elimu ya biashara Marekani ilikuwa nyepesi mno. Shule zikaanza kuajiri wachumi, wanasaikolojia na wanasosholojia, na mwalimu akawa anapandishwa cheo kwa machapisho yake.

Hilo lilileta mema na mabaya. Tulipata ushahidi mahali palipokuwa na maoni matupu ya wakubwa. Lakini watafiti nao wakazoea kuandikiana wao kwa wao, kwa lugha ambayo hata meneja mwenye MBA (shahada ya uzamili ya biashara) haielewi. Ukiona unasoma karatasi ya namna hiyo na huelewi kitu, usijilaumu.

Kwetu shule hizi zipo na zina umri wake: Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) Dar es Salaam kilianza 1965, Shule ya Biashara ya Makerere (MUBS) ya Kampala 1997, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule yake ya Biashara yenye jina hilo tangu 2008. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Strathmore. Wanachokitafiti ni mambo unayoyaishi wewe: kwa nini mtu anaacha kazi, nani anaajiriwa na nani anaachwa, kwa nini maduka mawili yanayotazamana moja linakua na lingine linadumaa.

Mimi sina cheo wala MBA. Yananihusu vipi?

Hapa huwa naanza na chenji.

Mteja anaingia dukani asubuhi na noti kubwa, anataka sabuni ya kipande. Mwenye duka anafungua droo, anaona sarafu tatu. Anamwambia mteja asubiri, anamtuma mtoto kwa jirani. Jirani naye hana. Mtoto anakwenda kwa wa pili. Mteja anatazama simu, anasema "basi nitarudi", na harudi. Mwenye duka anaendelea na siku yake, na kwenye daftari la mauzo hapaandikwi kitu, maana kitu ambacho hakikuuzwa hakina mstari wake.

Wachumi watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, walilifuatilia jambo hili katika biashara ndogo za magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Waligundua kwamba biashara ya wastani ilikuwa ikipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake yote kwa kukosa chenji tu. Si mtaji mdogo wala ushindani. Chenji. Tena dawa yake ilikuwa nyepesi. Kundi moja waliwatembelea kila wiki na kuwauliza: mara ngapi umekosa chenji, mauzo mangapi yamepotea? Kundi lingine waliwaambia waziwazi kiasi wanachopoteza. Makundi yote mawili yalibadilika, wakaanza kukaa na sarafu za kutosha, na mauzo yaliyokuwa yakipotea yakapungua.

Yaani lile swali lenyewe lilikuwa msaada. Wenye maduka wale hawakuwa wajinga, walikuwa na mambo mengi ya kufikiria, na chenji ilikuwa imeshakuwa sehemu ya mazingira kama vumbi la barabarani. Mtu wa nje alipouliza, wakaiona.

Mimi binafsi utafiti huu ndio ulionifanya niipende kazi hii. Umeanzia kwenye droo ya duka na hausubiri mwenye duka apate shahada ndipo umsaidie. Kwa hiyo ukiniuliza yanakuhusu vipi, nami nitakuuliza: kazini kwako chenji ni nini? Ni kitu gani kinakupotezea kila siku na hakuna daftari linalokiandika?

Nitajuaje kama utafiti ni wa kuaminika?

Uliza jambo moja kwanza: wamelinganisha na nani?

Mtu akikwambia "waliohudhuria semina yetu mauzo yao yalipanda kwa robo", hajakwambia kitu bado. Pengine waliohudhuria ndio waliokuwa na bidii tangu mwanzo. Pengine ilikuwa karibu na Idi, kila mtu aliuza. Utafiti wenye nguvu huchukua watu wanaofanana, ukawagawa kwa bahati nasibu, kama kura ya upatu, nusu wapate kitu na nusu wakose, kisha ukawafuata wote. Tofauti ikitokea baadaye, hapo ndipo una haki ya kusema ni kile kitu.

Swali la pili ni idadi. Watu 40 si sawa na watu 1,500. La tatu: je, kuna mtu mwingine, mahali pengine, aliyerudia akapata kile kile? Matokeo ya mara moja ni fununu nzuri, lakini usiyajengee nyumba.

Semina za ujasiriamali zinasaidia kweli, au ni posho na soda?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Watu wamekalishwa kwenye viti vya plastiki siku tatu, wakafundishwa mchanganuo wa biashara kwa maneno mazito, wakarudi sokoni na yale yale. Bahati nzuri swali hili limepimwa vizuri, tena hapa hapa kwetu.

Mwaka 2008 watafiti wa Shule ya Uchumi na Biashara ya Norwei (NHH) iliyoko Bergen walishirikiana na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliwachukua wakopaji wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, jijini Dar. Baadhi walipata mafunzo ya vipindi vifupi vifupi, baadhi wakapewa ruzuku ya kama shilingi 100,000 isiyorudishwa, baadhi wakapata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote, ili pawepo pa kulinganisha. Wanaume waliopata mafunzo pamoja na fedha walipiga hatua kubwa. Kwa wanawake athari ilikuwa hafifu sana.

Simama kidogo hapo. Wanawake walikaa darasa lile lile na walimu wale wale, na matokeo yakawa hafifu. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba kwa mwanamke mwenye biashara ndogo, mafunzo na fedha peke yake havitoshi, panahitajika hatua nyingine zaidi. Mwanamke yeyote wa darasani kwangu anaweza kukutajia hatua hizo bila kusoma kitabu: nani anabaki na watoto, nani anaamua faida iende wapi, nani anaugua nyumbani na nani anafunga genge ili amuuguze. Nilipousoma utafiti huo kwa sauti darasani, mama mmoja anayeuza samaki alisema, "Sasa hilo walihitaji kutoka Norwei?" Pengine hawakuhitaji. Lakini likishaandikwa kwa hesabu, mpanga bajeti hawezi tena kujifanya halijui.

Nenda sasa Dandora, Nairobi. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwachukua wanawake wenye biashara changa wakawagawa. Kundi moja likapelekwa darasani kusoma mambo ya biashara kama kawaida. Kundi lingine kila mmoja alikutanishwa na mama mzoefu wa Dandora hiyo hiyo, mwenye biashara iliyosimama, wakae waongee kwa muda wa mwezi. Matokeo, yaliyochapishwa 2018: darasa halikuongeza faida, ila waliopewa mama wa kuwashauri faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Siri yake ilikuwa nini? Sehemu kubwa ilikuwa pa kununulia mzigo. Yule mzoefu alijua muuzaji gani wa jumla ana bei nzuri, na ndicho kitu ambacho mwalimu wa darasani hakijui. Na walipoacha kukutana, faida ile ilififia.

Wa tatu ni Togo. Jijini Lomé wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilisoma mafunzo ya kawaida: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. La pili lilifundishwa tabia ya kujianzishia: kutafuta fursa kabla haijabisha hodi, kutazama mbele, kutokukata tamaa mambo yakikwama. La tatu halikupata kitu. Utafiti huo, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba kundi la kujianzishia faida yake ilipanda kwa asilimia 30. La mafunzo ya kawaida lilionyesha asilimia 11, na hiyo haikutofautishika vya kutosha na bahati tu.

Kwa hiyo jibu langu: semina nyingi kama zinavyofundishwa leo hazisaidii sana. Ukialikwa, uliza watakupa nini ambacho aliyefanikiwa sokoni kwako hawezi kukupa kwa chai ya jioni. Na kama una nafasi ya kuchagua kati ya cheti na mtu mmoja mzoefu wa kukaa naye kila wiki, mfuate yule mtu, wala usimwache baada ya mwezi mmoja tu.

Bosi wangu anasema kufanya kazi nyumbani ni kulala. Utafiti unasemaje?

Unasema inategemea kazi na inategemea nyumba.

Jaribio linalojulikana zaidi lilifanyika katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, kati ya 2010 na 2011, chini ya Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake, akiwemo James Liang, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Wahudumu wa simu waliojitolea waligawanywa kwa siku ya kuzaliwa: waliozaliwa tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa wa nyumbani walikuwa wamezidi kwa asilimia 13, hasa kwa sababu mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Kuacha kazi kulishuka kwa nusu.

Lakini jaribio lilipokwisha na watu wakaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadilisha walipokuwa. Wengine walichoka upweke. Na kumbuka sharti la kushiriki: ilibidi uwe na chumba chako cha kufanyia kazi na intaneti ya kutosha. Mfanyakazi wa Sinza anayeishi chumba kimoja na watoto wawili, umeme ukikatika saa nne, huyo hayumo kwenye ile asilimia 13. Bosi akikataa kwa sababu hiyo, ana hoja. Akikataa kwa kudhani utalala, hana.

Utafiti mwingine wa Bloom katika kampuni hiyo hiyo, uliotoka 2024 na kuhusisha watu zaidi ya 1,600, uliwapa watu siku mbili nyumbani na tatu ofisini. Kazi haikushuka, kupandishwa cheo hakukuathirika, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Kama unapeleka ombi kwa mkuu wako wa idara, omba siku mbili.

Ofisini wanataka kubomoa kuta ili tushirikiane zaidi. Je, tutashirikiana?

Huenda ushirikiano ukapungua. Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard waliwavisha wafanyakazi vifaa vya kurekodi nani anakutana na nani, kabla na baada ya ofisi kufanywa ya wazi, katika makao makuu ya kampuni mbili. Maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa kiasi cha asilimia 70, barua pepe na ujumbe zikaongezeka. Mtu asiye na ukuta hujijengea wake, anavaa visikilizio masikioni.

Malengo ya mauzo yanatuua. Utafiti unayatetea?

Unayatetea kwa sharti, na sharti hilo ndilo linalosahaulika.

Gary Latham na Edwin Locke ndio wakongwe wa somo hili. Kisa kinachotajwa sana ni cha Oklahoma miaka ya 1970. Madereva wa malori ya magogo walikuwa wanaambiwa tu "jitahidini", na walikuwa wakipakia kama asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Wakapewa lengo mahsusi: asilimia 94. Hawakuongezwa senti. Upakiaji ukapanda ukapita asilimia 90. Lengo lililo wazi na gumu, lakini linalofikika, lina nguvu kuliko "fanya uwezavyo". Hilo limerudiwa mara nyingi sana, nami naliamini.

Sasa tazama dereva wa gogo alikuwa na nini: lori lake, mzani, na gogo lisilobishana. Kazi yote ilikuwa mikononi mwake. Mfanyakazi wa kaunta anayeambiwa afungue akaunti 20 kwa wiki, anamtegemea mteja ambaye huenda hana haja ya akaunti. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilifundisha dunia nzima mwaka 2016, ilipotozwa faini ya dola milioni 185 baada ya wafanyakazi waliobanwa na malengo kufungua akaunti nyingi ambazo wateja hawakuziomba. Lengo lisilofikika kwa njia halali humsukuma mtu mwaminifu kwenye kona, na mameneja wanaoligawa kutoka juu wabebe sehemu yao ya aibu hiyo.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao cha malengo, hoja ya kupeleka si "ni mengi mno". Peleka daftari: wateja wangapi walipita, wangapi walisikiliza, wangapi walikuwa tayari na huduma hiyo. Hoja yenye namba ni ngumu kufukuza mlangoni.

Kwenye usaili, kwa nini anachukuliwa mtu wa maneno mengi?

Kwa sababu usaili wa maongezi huru hupima maneno. Uchambuzi mkubwa wa Paul Sackett na wenzake, uliotoka 2022, ulipanga upya njia za kuchagua wafanyakazi, na iliyoongoza ni usaili wenye mpangilio: kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale, yanayohusu kazi yenyewe, na kila jibu linapewa alama kwa kipimo kilichoandikwa kabla. Kama unaajiri hata msaidizi mmoja wa duka, andika maswali matano kwenye karatasi na uwaulize wote hayo hayo. Utashangaa mara ngapi yule uliyempenda mlangoni siye aliyejibu vizuri.

Kwa nini watu kazini kwetu wanaficha makosa?

Nina wauguzi darasani, na swali hili huwa lao.

Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, ambaye leo ni profesa Harvard, alikuwa anapima makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi. Ilibidi arudi nyuma ajiulize, na akaona kwamba timu nzuri hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Kwenye wodi yenye mkuu mkali, makosa yalikuwepo ila yalimezwa. Mwaka 1999 akachapisha utafiti mwingine, wa timu 51 za kiwandani, na wazo la kwamba mtu hujifunza pale anaposema bila kuogopa likaenea duniani.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, na malezi hayo yana heshima yake ambayo sitaki kuidharau. Lakini muuguzi mmoja alitusimulia usiku alipoona dozi iliyoandikwa haiendani na uzito wa mtoto. Daktari alikuwa mkubwa kwake kwa umri na cheo. Hakusema "umekosea". Alisema, "Shikamoo daktari, naomba unisaidie kusoma hapa, macho yangu yanaona 50." Daktari akasoma, akanyamaza, akakata, akaandika upya. Darasa zima lilikaa kimya. Mtoto yule aliokolewa na adabu pamoja na ujasiri. Ila mpango mzuri wa kazi haumwachii muuguzi atunge sentensi kama ile saa nane usiku. Mkuu wa wodi anapaswa kuwa amesema asubuhi, mbele ya wote: ukiona kitu, sema, hutagombezwa.

Nimesikia maprofesa wengine wanadanganya. Ni kweli?

Ndiyo, na ni vyema ulijue. Mwaka 2010 watafiti watatu walichapisha jaribio la watu 42 wakisema kusimama kwa mkao wa kibabe dakika mbili hubadilisha homoni zako na kukupa ujasiri. Lilienea kweli kweli. Kundi lingine lilipojaribu kwa watu 200, mwaka 2015, homoni hazikubadilika, na mwaka 2016 mwandishi wa kwanza wa utafiti ule akasema wazi kwamba haamini tena matokeo yake. Huo haukuwa udanganyifu, lilikuwa kosa, na kulikiri ni uungwana.

Kuna mabaya zaidi. Utafiti wa 2012 uliodai kwamba mtu akitia sahihi juu ya fomu badala ya chini huwa mkweli zaidi ulifutwa mwaka 2021, baada ya kubainika kuwa sehemu ya takwimu zake zilikuwa za kughushi. Na mwaka 2025 Harvard ilimvua profesa mmoja wa shule yake ya biashara ajira ya kudumu kwa tuhuma za kuchezea takwimu, tuhuma ambazo mwenyewe anazikana. Waliozifichua dosari hizo walikuwa watafiti wenzao, waliokaa usiku wakikagua jedwali moja moja. Kwa sababu ya watu hao bado nina imani na kazi hii.

Naweza kutumia programu ya akili mnemba (AI) kama mshauri wa biashara yangu?

Unaweza, kwa tahadhari, na utafiti uliopo ni wa Kenya. Watafiti, akiwemo Rembrand Koning wa Harvard, waliwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp. Kwa wastani hapakuwa na mabadiliko. Ndani ya wastani huo, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa kama asilimia 15, na waliokuwa wakisuasua wakashuka kwa kama asilimia 8. Ushauri wote ulionekana mzuri kusoma, lakini kuujua upi unakufaa kulihitaji uzoefu. Kama biashara yako inayumba, tafuta kwanza yule mama wa Dandora.

Tafiti zenyewe ziko kwa Kiingereza. Nitazipataje?

Nyingi zina toleo la awali linalosomwa bure mtandaoni. Tafuta jina la mwandishi na mada. Soma muhtasari wa mwanzo, kisha ruka hadi hitimisho, katikati waachie wao. Ukikwama, mwandikie mwandishi barua pepe fupi. Wengi hujibu, na hufurahi.

Hata hivyo sikubaliani na hali ilivyo. Utafiti uliofanywa kwa Kiswahili, kwa maswali ya Kiswahili, kwa watu wa Dar, halafu ukaishia kwenye jarida la Kiingereza linalouzwa kwa dola, una deni. Kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Si gharama kubwa.

Ninaweza kujaribu mwenyewe, bila profesa?

Unaweza, na ndilo zoezi langu la kwanza kila muhula. Chagua jambo moja. Lihesabu wiki mbili bila kubadilisha chochote. Kisha badilisha kitu kimoja tu, uhesabu wiki mbili nyingine.

Fundi cherehani mmoja alikuwa anagombana na wateja kwa kuchelewesha nguo. Aliamini tatizo ni wasaidizi wake wazembe. Akaanza kuandika kwa kila nguo: siku iliyokatwa, siku iliyoanza kushonwa, siku iliyokwisha. Baada ya wiki mbili akaleta daftari lenye madoa ya mafuta ya mashine. Nguo zilikuwa zikishonwa haraka tu, ila zilikuwa zinalala kwenye mfuko zikisubiri zipu na vifungo, kwa sababu alikuwa akienda Kariakoo mara moja kwa wiki. Akaanza kununua zipu za rangi sita zinazotoka sana na kuziweka kwenye kopo. Wale wasaidizi aliwaomba radhi.

Mtafiti akija kazini kwangu, nimjibu?

Mjibu ukipenda, na una haki ya kukataa au kuacha katikati bila kudhurika. Muombe akuonyeshe kibali cha utafiti: kwa Tanzania mtafiti hukipata COSTECH, kwa Kenya NACOSTI, ambazo ni tume za sayansi za nchi hizo. Akuambie anafanya kazi na nani, majibu yako yatakaa wapi, na jina lako litaonekana au la. Akisema maongezi ni dakika 20, akafika saa nzima, mwambie muda umekwisha. Usipunguze wala kuongeza faida yako ukidhani kuna mkopo unakuja.

Kisha muulize atarudi lini na majibu. Mimi niliulizwa hivyo Mbagala, na mama aliyekuwa anakaanga maandazi huku akinihesabia gharama ya unga, mafuta na mkaa, kwa uvumilivu, mkupuo mmoja baada ya mwingine ukiiva. Nilimjibu kwamba wakubwa wangu watarudi. Hawakurudi, na mradi ulipokwisha nami sikurudi. Ndiyo maana leo ninayemfundisha udodosaji haanzi kazi kwangu kabla hajaandika, juu ya dodoso lenyewe, tarehe atakayorudi kwa yule aliyemhoji.